Kiapo Juu ya Kamusi

Katika jengo la gazeti la New York World, lile la kuba la dhahabu lililokuwa Park Row mjini New York, kulikuwa na dawati dogo la katibu muhtasi. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwenye dawati hilo aliweka mkono wa kushoto juu ya kamusi, akainua wa kulia, akaapa. Hapakuwa na hakimu wala shahidi. Aliapa kwamba kuanzia hapo atayashika mafumbo ya maneno kwa dhati.

Jina lake Margaret Petherbridge, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1897, mhitimu wa Chuo cha Smith. Aliajiriwa pale kumsaidia John O'Hara Cosgrave, mhariri wa toleo la Jumapili. Ndoto yake ilikuwa uandishi wa habari, lakini alitupiwa kona ya mafumbo, kazi iliyokwepwa na kila mtu ofisini. Yeye mwenyewe hakuwahi kujaza fumbo hata moja. Alichofanya ni kupekua yale yaliyoletwa na wasomaji, akachagua lenye mchoro wa kupendeza macho, akalipeleka kiwandani bila kulipitia. Msomaji akawa anakutana na nambari isiyo na kidokezo, kidokezo kisicho na miraba, maneno yaliyokosewa tahajia. Barua za malalamiko zilimiminika. Margaret alizisoma, akaziweka pembeni.

Kisha akahamia World mwandishi wa safu aliyekuwa na jina kubwa mjini, Franklin P. Adams, naye alikuwa mgonjwa wa mafumbo. Kosa likichapishwa, haandiki barua. Anakwenda dawatini kwa miguu yake, anasimama, anaeleza kosa moja baada ya jingine. Ikafika siku Margaret akachukua penseli na kuketi kulijaza fumbo la wiki ile kwa mkono wake. Hakufika popote. Lilikuwa chafu, limejaa mitego ambayo hakuna aliyeitega kwa makusudi. Ndipo akaivuta kamusi.

Nimeanza na kiapo hiki kwa sababu habari za fumbo la maneno husimuliwa kila mara kama habari za uvumbuzi: mtu fulani, tarehe fulani, basi. Mvumbuzi ana heshima yake na nitamfikia sasa hivi. Lakini kona ile ya gazeti ingekufa kama zilivyokufa kona nyingine nyingi, lau asingetokea mtu wa kuamua kwamba msomaji anayetenga saa yake ya Jumapili asipotezewe muda kwa uzembe wa mwingine.

Mvumbuzi ni Arthur Wynne, Mwingereza wa Liverpool aliyezaliwa mwaka 1871, mtoto wa mhariri wa gazeti. Alivuka bahari kwenda Marekani akiwa kijana wa miaka 19. Huko alilima vitunguu Texas na kupiga fidla katika okestra ya Pittsburgh kabla ya kuishia kuwa msimamizi wa ukurasa wa burudani wa World, ulioitwa Fun. Kwa toleo la Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913, akitafuta kitu kipya cha msimu wa Krismasi, alikumbuka miraba ya maneno aliyoichezea utotoni, ambamo maneno yaleyale husomeka kwa mlalo na kwa wima. Akaibadilisha. Maneno ya mlalo yakawa tofauti na ya wima, na kila moja likapewa kidokezo. Umbo lake lilikuwa kama almasi iliyotobolewa katikati, na neno la juu kabisa, jina la ukurasa wenyewe, lilikuwa limeshajazwa ili kumpa msomaji pa kuanzia.

Ukilitazama leo, fumbo lile la kwanza lina dosari zake. Neno la Kiingereza la njiwa limo mara mbili. Kuna kidokezo kinachotaka jina la nyuzi za mti wa jamii ya mitende ambao msomaji wa New York hajapata kuuona, na jingine kinataka mto wa Urusi. Wynne aliliita "Word-Cross". Wiki chache baadaye wapanga chapa wakaligeuza jina kwa bahati mbaya, likatoka "Cross-Word", na kosa hilo ndilo linalotumika hadi leo kwa Kiingereza. Wasomaji walilipokea kwa furaha, wakaanza kutuma ya kwao. Wynne alitaka wenye gazeti wasajili haki ya uvumbuzi. Wakakataa, hawakuona faida. Alifariki Florida mwaka 1945, wakati mafumbo yalikuwa yamejaa magazeti ya dunia.

Kwa mtu wa Kiswahili, sehemu ya habari hii haihitaji kuelezwa. Sisi tuna jozi ya maneno iliyokamilika: kufumba na kufumbua. Anayetega anafumba, kama mtu anayefunga kiganja juu ya kete, anayejibu anakifungua. Mtoto anayeitikia "Tega!" jioni kibarazani ameshaingia katika mkataba uleule aliouvunja Margaret bila kujua, na akauapia upya: kwamba ndani ya kiganja kweli kuna kitu, na kwamba kinaweza kupatikana kwa akili. Fumbo lisilofumbulika ni dhuluma.

Mwaka 1924 ndio uliopasua bwawa. Vijana wawili, Richard Simon na Max Schuster, walikuwa wamefungua kampuni ya vitabu New York bila hata muswada mmoja mkononi. Jamaa mmoja wa kike wa Simon akamuuliza ni wapi atapata kitabu cha mafumbo amnunulie ndugu yao aliyekuwa hawezi kukaa bila kuyajaza. Hakikuwepo. Vijana wale wakamwendea Margaret na wenzake wawili wa World, Prosper Buranelli na F. Gregory Hartswick, wakawapa malipo ya awali ya dola 25 kila mmoja. Adams aliwaonya kwamba watakula hasara. Nao waliingiwa na hofu, kiasi cha kukitoa kitabu kwa jina jingine la kampuni, Plaza, lililotokana na laini yao ya simu. Kilitoka tarehe 10 Aprili 1924, nakala 3,600, kila kimoja kikiwa kimefungiwa penseli ubavuni.

Penseli hiyo naipenda kuliko sehemu nyingine zote za mkasa huu. Inamwambia mnunuzi kwamba kitabu hiki hakijakamilika, kinamngoja yeye. Ndani ya mwaka huohuo nakala zilipita laki moja na kuendelea. Reli ya Baltimore and Ohio iliweka kamusi ndani ya mabehewa yake kwa ajili ya abiria. Maktaba ya umma ya New York ililalamika kwamba wajaza mafumbo wameziteka kamusi na ensaiklopidia mpaka wanafunzi hawazifikii. Na tarehe 17 Novemba 1924, gazeti la New York Times likaandika tahariri kali ikiuita mchezo huo upotevu wa muda ulio dhambi, kichaa cha msimu kitakachopita. Lilishikilia msimamo huo kwa miaka 17.

Uingereza nayo haikukawia. Novemba 1924 Sunday Express lilichapisha fumbo la Wynne, na tarehe 30 Julai 1925 Daily Telegraph likaanza lake. Huko London mchezo ulibadilika tabia. Mmarekani aliuliza maana ya neno. Mwingereza akaanza kuficha neno ndani ya sentensi inayozungumzia jambo jingine kabisa, ukaisoma mara kumi kabla ya kuona mlango. Aliyekolea zaidi katika uchawi huo alikuwa Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada kwa jina la hakimu mkatili wa Uhispania, na aliyeandikia gazeti la Observer tangu 1926 hadi kifo chake mwaka 1939. Wasomaji wetu wanamkaribia Mathers kwa njia nyingine: ndiye aliyetoa toleo moja mashuhuri la Kiingereza la Alfu Lela Ulela, akilitafsiri kutoka Kifaransa cha Mardrus. Mtu aliyeishi miaka mingi na hadithi iliyofichwa ndani ya hadithi hakupata shida kuficha neno ndani ya neno. Miraba yenyewe aliichora mkewe. Yeye alimpa orodha ya maneno, mke akayafuma.

The Times la London lilisubiri hadi tarehe 1 Februari 1930. Mtunzi wake wa kwanza, Adrian Bell, alikuwa mkulima wa Suffolk na mwandishi wa vitabu vya maisha ya shamba. Babake, mhariri wa habari wa Observer, ndiye aliyempendekeza, ingawa kijana hakuwahi kujaza fumbo hata moja. Aliifanya kazi ile karibu miaka 50. Na ni katika mafumbo ya Times ndimo nukuu ilipopata kiti chake. Kidokezo kilikuwa mstari wa mshairi uliokatwa neno moja, hakuna maelezo mengine. Ama unaujua, ama huujui. Msomaji alitazamiwa awe na Shakespeare na Biblia kichwani, vimekaa tayari kama shilingi mfukoni.

Nikiwa mtoto, nukuu ilikuwa ukutani. Baba alikuwa na kalenda ya kuchana, zile za karatasi moja kwa siku, tarehe mbele na neno la hekima nyuma. Alfajiri akirudi msikitini aliichana ya jana, akasoma neno la nyuma yake kwa sauti kabla ya chai, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati. Mama alipofua Jumamosi alitoa vijikaratasi sita au saba. Sikumbuki hata neno moja kati ya yale, jambo linaloniuma mpaka leo. Yalikuja bure kila asubuhi, nikayapokea bure, yakapita.

Mwanamke mmoja wa Brooklyn aliliona tatizo hilohilo na akapata dawa yake. Elizabeth Kingsley alikuwa amefundisha Kiingereza. Mwaka 1933 alikwenda kwenye mkutano wa wahitimu wa chuo chake cha zamani, Wellesley, akakuta vijana wanamshangilia James Joyce na Gertrude Stein huku waandishi aliowapenda yeye wamesahauliwa. Alirudi nyumbani na huzuni. Mafumbo ya maneno ya kawaida aliyajua, na alikuwa na shutuma moja juu yake: ukimaliza, unabaki na nini? Miraba iliyojaa maneno yasiyohusiana, basi, unaitupa. Yeye alitaka mtu akimaliza awe na kitu mkononi.

Kwa miezi sita alikaa na herufi. Alichokibuni kinakwenda hivi. Unapewa vidokezo kama 25, kila kimoja na herufi yake ya alfabeti. Tuseme kidokezo A kinasema "chombo cha seremala cha kulainishia ubao". Unaandika RANDA. Chini ya kila herufi kuna nambari: R ni 17, A ya kwanza 42, N ni 8, D ni 63, A ya mwisho 101. Unazihamisha herufi hizo moja moja kwenye mraba mkubwa wenye nambari, kila moja mahali pake. Mwanzo unaona vumbi tu, herufi zimetawanyika. Unaendelea. Mahali fulani panatokea K, nafasi tupu, kisha A. Je, ni "kwa"? Ni "kaa"? Ni "kua"? Unatazama jirani zake, unakisia, kisha unafanya jambo ambalo fumbo la kawaida haliwezi kukupa: unarudi nyuma. Herufi uliyoikisia ina nambari, na nambari ile ni ya kidokezo M, ambacho kilikuwa kimekushinda kabisa. Sasa kina herufi ya pili. Unakwenda na kurudi namna hiyo, juu na chini, hadi sentensi inaanza kupumua. Mwishowe mraba wote unasomeka kama nukuu kutoka kitabu halisi, na ukisoma herufi za kwanza za majibu yako kutoka juu hadi chini, unakuta jina la mwandishi na jina la kazi yake.

Alitengeneza mafumbo 100 ya namna hiyo, akayapeleka kwenye jarida la Saturday Review, wakamwajiri kutoa moja kila wiki. La kwanza lilitoka tarehe 31 Machi 1934, na nukuu iliyojificha ndani yake ilitoka katika shairi la Tennyson liitwalo "Ulysses". Fikiria msomaji wa wiki ile. Mistari ambayo pengine aliikariri shuleni bila kuisikia, ameichimba sasa herufi kwa herufi, amebishana nayo jioni nzima. Mtu aliyeipata nukuu kwa njia hiyo hawezi kuiacha kwenye mfuko wa shati.

World lilikuwa limekwishafungwa wakati huo. Lilikufa Februari 1931. Kona yake ilihama salama. Margaret, ambaye sasa aliitwa Farrar baada ya kuolewa na mchapishaji John Farrar mwaka 1926, aliendelea kuhariri vitabu vya mafumbo mfululizo, na kanuni zake zikawa sheria ya fani. Ukigeuza karatasi juu chini, miraba myeusi ikae palepale. Kila herufi ishikwe na maneno mawili, la mlalo na la wima, ili anayekwama upande mmoja aokolewe na upande wa pili. Neno la herufi mbili hapana. Wala magonjwa na vifo visitajwe, maana mtu anajaza fumbo huku anakunywa chai.

Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor. Siku 11 baadaye, Lester Markel, mhariri wa Jumapili wa New York Times, aliandika waraka wa ndani kupendekeza gazeti lianze fumbo: kutakuwa na saa nyingi za giza, watu wakifunga madirisha kwa hofu ya ndege, watahitaji kitu. Margaret naye aliandika kuunga mkono, akieleza kwamba mtu hawezi kufikiria shida zake huku anajaza miraba. Mmiliki, Arthur Hays Sulzberger, alikuwa mpenzi wa fumbo mwenyewe na amechoka kununua gazeti la wapinzani ili alipate. Fumbo la kwanza likatoka Jumapili ya tarehe 15 Februari 1942, mhariri Margaret Farrar. Mwaka uliofuata gazeti hilohilo likaanza kuchapisha na mafumbo ya nukuu ya Elizabeth Kingsley. Wanawake wawili wa Brooklyn, mmoja aliyeokoa kona iliyodharauliwa, mwingine aliyempa msomaji nukuu ya kubeba, wakakutana katika gazeti lililokuwa limeuita mchezo wao dhambi.

Ng'ambo ya bahari vita viliutazama mchezo kwa jicho jingine. Januari 1942 Daily Telegraph lilialika wasomaji ofisini kwake wajaribu kumaliza fumbo chini ya dakika 12. Mshindi alitumia pungufu ya dakika 8. Baadaye baadhi ya waliokuwepo walipokea barua za serikali, na mmoja wao, Stanley Sedgwick, akajikuta Bletchley Park, mahali pa siri palipovunjiwa misimbo ya Wajerumani. Kisha, mwezi Mei 1944, maneno Utah, Omaha, Overlord na Mulberry yakatokea katika mafumbo ya gazeti hilohilo, na Neptune likafuata tarehe 1 Juni. Yote yalikuwa majina ya siri ya uvamizi wa Normandy, wiki chache kabla haujafanyika. Maafisa wa usalama wakamfuata mtunzi, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule iliyohamishiwa Surrey. Hawakumkuta na hatia. Mwaka 1984 aliyekuwa mwanafunzi wake, Ronald French, alieleza kwamba Dawe alikuwa akiwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno wanayotaka, na kwamba yeye French maneno yale aliyasikia kwa askari waliopiga kambi karibu na shule.

Margaret alibaki New York Times hadi 1969. Fumbo la kila siku alilianzisha huko mwaka 1950. Alifariki mwaka 1984, akiwa bado anahariri vitabu vya mfululizo ulioanza na ile penseli, vilivyopita 130.

Kwetu fumbo la maneno liko katika magazeti na vitabu vya darasani. Wengine huliita chemshabongo. Mwaka jana nilijaribu kutunga la kwangu kwenye daftari la hesabu, nikifuata kanuni za Margaret zote. Nikagonga ukuta jioni ya kwanza, na nilipoelewa sababu nilifurahi kama aliyeokota lulu. Maneno yetu karibu yote huishia irabu. Sasa, katika mchoro wa Kimarekani ambao kila herufi inashikwa pande mbili, safu ya mwisho kulia imejengwa na miisho ya maneno ya mlalo. Maana yake ni irabu tupu kuanzia juu hadi chini. Kiswahili karibu hakina maneno ya kuweka pale. Mstari wa chini nao ni hivyohivyo. Lakini chukua mchoro wa Kiingereza, ule unaoacha herufi moja huru baada ya kila iliyoshikwa, kisha uteremshe neno "kalamu" ukingoni kulia. K huru, A imeshikwa. L huru, A imeshikwa. M huru, U imeshikwa. Kila neno la mlalo linapofika ukingoni linakuta irabu inalingoja. Ni kama mchoro ule ulikatwa kwa kipimo cha lugha yetu na watu ambao hawakujua hata salamu yake.

Nililimaliza kwa siku tisa. Kabla ya kulipeleka popote nilifuta majibu yote, nikaliacha wiki nzima, kisha nikachukua penseli nikaketi kulijaza kama mgeni, kidokezo kwa kidokezo. Mlalo wa 14 haukuwa na kidokezo.